Namna ya Kusoma Rekodi ya Utafiti ya Daktari Bingwa wa Saratani za Uzazi

Anayetaka kupima uzito wa utafiti wa daktari bingwa wa saratani za viungo vya uzazi vya wanawake huanza mara nyingi kwa kuandika jina lake kwenye Google Scholar, akasoma namba mbili zilizo pembeni mwa ukurasa: jumla ya mara ambazo kazi zake zimenukuliwa, na kipimo cha h. Baada ya hapo hukumu hutolewa. Mwongozo huu unahusu kazi inayopaswa kufanywa kati ya kusoma namba hizo na kutoa hukumu, na nimeuandika kwa ajili ya mjumbe wa kamati ya kupandisha vyeo chuoni, mwanafunzi wa uzamili anayetafuta msimamizi, mwandishi wa habari za afya, na daktari kijana ambaye angependa kujua rekodi yake mwenyewe itasomwaje miaka ishirini ijayo. Kazi hiyo inahitaji siku nzima, pengine mbili, kwa daktari mmoja. Sioni kwamba ni muda mwingi, kwa sababu tafiti za watu hawa ndizo zinazoamua kama binti wa shule ya msingi atachomwa sindano moja au mbili za chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na kama mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi atafunguliwa tumbo au atatolewa kizazi kupitia matundu madogo.

Hakikisha kwanza kwamba unamsoma mtu mmoja

Hatua ya kwanza inahusu jina, nayo ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Majarida ya kitabibu huandika jina la mwisho kwa ukamilifu na majina mengine kwa herufi za mwanzo tu, utaratibu uliotungwa na watu wenye majina ya ukoo. Mtanzania au Mkenya wa pwani anayetumia jina lake, la baba na la babu anaweza kuorodheshwa kwa jina la baba katika makala moja na kwa jina la babu katika nyingine, na anayeitwa Mohamed akaandikwa Mohammed au Muhammad kulingana na mazoea ya mhariri. Daktari wa kike aliyeanza kuchapisha kabla ya kuolewa, kisha akaendelea kwa jina la mumewe, huwa watu wawili machoni pa kompyuta. Kinyume chake pia hutokea: watu watatu wanaofanana jina la mwisho na herufi ya kwanza hurundikwa katika ukurasa mmoja, na daktari wa saratani akaonekana kuwa ameandika kuhusu mbegu za mahindi.

Dawa yake ni namba ya ORCID, yenye tarakimu 16, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2012 na ambayo mtafiti hujisajilia bure na kuibeba popote anapohamia. Ikiwa daktari unayemsoma anayo, anza na orodha iliyo chini ya namba hiyo. Ikiwa hana, fungua makala moja moja, ulinganishe hospitali au chuo kilichotajwa chini ya jina, waandishi wenzake wa mara kwa mara, na mada, kisha uondoe zisizo zake na uongeze zilizopotea. Ikiwa daktari huyo ni wewe mwenyewe, jisajili kabla ya kutuma makala yako ya kwanza, kwa sababu kuunganisha majina baada ya miaka kumi ya kuchapisha ni kazi ya kuchosha sana.

Kusanya orodha kutoka chanzo zaidi ya kimoja

Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, hukusanya karibu kila kitu chenye sura ya maandishi ya kitaaluma: makala, tasnifu, ripoti, sura za vitabu, hata rasimu ambazo hazijahakikiwa. Scopus, iliyoanza mwaka huohuo, na Web of Science, ambayo asili yake ni faharasa ya marejeo ya kisayansi iliyoanza kuchapishwa na Eugene Garfield kule Philadelphia mwaka 1964, huchagua majarida zinayoyahesabu. Kwa hiyo daktari mmoja atakuwa na namba tatu tofauti kwa siku moja, na ile ya Google kwa kawaida itakuwa juu ya nyingine zote, bila mtu yeyote kudanganya. Kosa ni kumpima daktari mmoja kwa Google Scholar na mwenzake kwa Scopus, kisha kutangaza mshindi. Nimeliona kosa hilo katika faili za maombi ya kazi zaidi ya mara moja, na kila mara aliyeumia hakujua kilichomuumiza.

Kwa daktari wa Afrika Mashariki tofauti hiyo ina uzito wa pekee. Makala nyingi zinazoeleza hali halisi ya wagonjwa wetu, yaani wanawake wanaofika hospitali saratani ikiwa imeshasambaa, umbali waliosafiri, miezi waliyosubiri mionzi, huchapishwa katika majarida ya Afrika, na mengi kati ya hayo hupatikana kupitia AJOL, hazina ya majarida ya Afrika iliyoanzishwa mwaka 1998 na yenye makao yake Afrika Kusini. Sehemu kubwa ya majarida hayo haimo katika hazina zinazochagua. Basi anza na PubMed, kwa sababu ni ya bure na ni ya kitabibu. Fuata Google Scholar. Kisha pitia AJOL kwa jina na kwa mada, na kila makala unayoiongeza uiandikie mahali ulipoipata. Orodha isiyo na makala hizo humwonyesha daktari aliyefanya kazi miaka mingi kwenye taasisi kama ile ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kana kwamba alianza kufikiri siku aliyoshirikiana na mgeni.

Kokotoa kipimo cha h kwa mkono, angalau mara moja

Kipimo cha h kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Daktari ana h ya 20 ikiwa makala zake 20 zimenukuliwa kila moja mara 20 au zaidi. Ili kukielewa, zipange makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, daktari ana makala kumi zilizonukuliwa mara 120, 45, 30, 18, 9, 7, 6, 3, 1 na 0. Ya sita imenukuliwa mara saba, inatosha. Ya saba imenukuliwa mara sita, haitoshi. Kipimo chake cha h ni 6. Sasa badilisha ile 120 iwe 4,000: h inabaki 6. Ongeza makala nyingine tano zisizonukuliwa na yeyote: h inabaki 6.

Ukiifanya hesabu hii kwa mkono utaona jambo ambalo kuisoma tu hakulionyeshi. Kipimo hiki kinampendelea mtu anayetoa makala nyingi za ukubwa wa wastani kwa muda mrefu, na kinamficha aliyefanya jambo moja kubwa. Aidha hakiwezi kushuka, hivyo daktari wa miaka 62 atamzidi wa miaka 38 hata kama huyo wa kwanza aliacha kufanya utafiti zamani. Kitumie kama unavyotumia kipimajoto: kinakuambia kuna kitu cha kuchunguza, hakikuambii ugonjwa.

Tenganisha makala kwa aina zake

Chukua orodha uliyoisafisha na uigawe. Weka upande mmoja majaribio ya kitabibu ambamo wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu; upande mwingine tafiti za kupitia mafaili ya wagonjwa waliokwishatibiwa; kisha makala za mapitio, miongozo ya tiba, ripoti za takwimu, na taarifa za mgonjwa mmoja au wachache. Aina hizi hazinukuliwi kwa sababu moja.

Ripoti za takwimu ndizo zinazopotosha kuliko zote. Makala za GLOBOCAN, zinazotayarishwa na watafiti wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani la Lyon, Ufaransa, na wenzao wa Marekani, zimenukuliwa makumi ya maelfu ya mara, kwa sababu karibu kila anayeandika kuhusu saratani ya mlango wa kizazi huanza kwa kusema kwamba mwaka fulani wanawake wangapi waliugua na wangapi walikufa: kwa mwaka 2020, takriban 604,000 waliugua na 342,000 walikufa. Ni kazi ya lazima na ninawaheshimu walioifanya. Lakini idadi hiyo ya nukuu inatokana na sentensi ya kwanza ya makala za watu wengine, wala haifanani na nukuu moja ya daktari anayesema, “tulibadilisha upasuaji wetu kwa sababu ya matokeo haya.” Vivyo hivyo makala za mzigo wa magonjwa duniani hubeba mamia ya waandishi, na daktari aliyechangia takwimu za nchi yake hupata, kwa makala moja, nukuu nyingi kuliko atakazopata kwa kazi zake zote za upasuaji. Kokotoa h mara mbili basi, makala za aina hiyo zikiwamo na zisipokuwamo, uone pengo.

Miongozo nayo inahitaji jicho lake. Hatua za saratani ya mlango wa kizazi zilirekebishwa na FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, mwaka 2018, na makala iliyoyaeleza marekebisho hayo, ambayo Neerja Bhatla wa Delhi ni mwandishi wake wa kwanza, hunukuliwa na kila anayetaja kwamba mgonjwa wake alikuwa hatua ya IB au IIIC. Kuwa kwenye kamati hiyo ni ushahidi kwamba wenzake wanamwamini mtu, na hilo ni jambo la thamani. Liandike kama uaminifu wa wenzake, usiliandike kama ugunduzi.

Angalia jina limekaa wapi

Katika udaktari jina la kwanza huwa la aliyebeba kazi ya kila siku na kuandika rasimu, na la mwisho huwa la aliyeongoza au kusimamia. Majina ya katikati yanaweza kuwa ya watu waliofanya mengi au waliofanya kidogo sana. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba inataka kila mwandishi atimize masharti manne, likiwamo la kukubali kuwajibika kwa kazi nzima, na majarida mengi siku hizi huchapisha mwishoni aya inayoeleza nani alifanya nini. Isome aya hiyo. Hesabu ni mara ngapi daktari wako amekuwa wa kwanza, wa mwisho, na wa katikati, kisha tazama mwelekeo kwa miaka: anayetoka katikati akaenda mwanzo, kisha akaenda mwisho huku vijana wake wakichukua nafasi ya kwanza, anakua na anakuza.

Hapa ndipo penye uchungu kwa tafiti za bara letu. Zipo makala ambazo kila mgonjwa ni Mwafrika, kila kipimo kilichukuliwa na muuguzi wa Kiafrika, na majina ya nchini yamejaa katikati peke yake. Usimpunguzie alama daktari aliye katikati kabla hujajua kazi ilikuwaje. Mwandikie barua umuulize nani aliandikisha wagonjwa na nani aliamua swali la utafiti. Mfano wa kinyume upo pia. Jaribio la chanjo ya HPV la KEN SHE lililofanyika Kenya, ambalo nitalirudia, lilichapishwa Ruanne Barnabas, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, akiwa wa kwanza, na Nelly Mugo wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, akiwa wa mwisho. Ukimtafuta Mugo kwa makala alizotangulia kuandikwa tu, utaikosa kazi hiyo.

Linganisha ndani ya fani na ndani ya muda

Saratani za uzazi ni fani ndogo ukiilinganisha na saratani ya matiti, na ndani yake kuna vyumba vidogo zaidi. Utafiti wa kimataifa ulioongozwa na Ate van der Zee wa Groningen, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwa wanawake 403 wenye saratani ya vulva, yaani sehemu ya nje ya viungo vya uzazi, kwamba wengi wanaweza kuepushwa kutolewa tezi zote za kinena ikiwa tezi ya kwanza inayopokea maji ya uvimbe haina saratani. Uliwaepusha wanawake wengi na miguu kuvimba maisha yao yote. Hata hivyo, saratani ya vulva ni adimu, madaktari wanaoandika kuihusu ni wachache, na kwa hiyo nukuu zake haziwezi kufikia za dawa mpya ya matiti. Kwa sababu hiyo taasisi za afya za serikali ya Marekani zilitengeneza uwiano uitwao RCR, unaopatikana bure kwenye tovuti ya iCite, ambao huipima makala kwa kuilinganisha na nyingine za mada yake na umri wake, 1.0 ni kiwango cha kati cha makala zilizofadhiliwa na taasisi hizo. Ingiza namba za PubMed za makala za daktari wako, usome matokeo ya kila makala badala ya wastani peke yake.

Kuhusu muda, mfano ninaourudia mbele ya kila kamati ni wa Rengaswamy Sankaranarayanan na jaribio la Osmanabad, katika jimbo la Maharashtra, India. Wanawake 131,746 wa umri wa miaka 30 hadi 59 kutoka vijiji vilivyogawanywa katika makundi 52 walianza kuandikishwa mwaka 1999. Swali lilikuwa moja: je, kumpima mwanamke mara moja tu kirusi cha HPV, au seli, au kwa kupaka siki na kuangalia kwa macho, kunapunguza vifo? Jibu lilichapishwa mwaka 2009, miaka kumi baadaye: kipimo cha HPV kilipunguza saratani zilizofikia hatua mbaya na kilipunguza vifo. Kamati inayodai makala tatu kila mwaka ingemshauri mtu aiache kazi ya namna hiyo. Unapochora grafu ya makala kwa mwaka na ukaona miaka mitupu, usiandike “alilegea” kabla hujauliza ni jaribio gani lilikuwa likiendelea.

Soma anayenukuu amesema nini

Hatua hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Kunukuliwa si kusifiwa. Mtu huweza kunukuliwa kwa kukubaliwa, kwa kupingwa, au kwa kutajwa tu njiani.

Mfano ulio wazi kuliko yote katika fani hii ni jaribio lililoongozwa na Pedro Ramirez wa hospitali ya saratani ya MD Anderson, Houston, pamoja na Andreas Obermair wa Brisbane, Australia, lililochapishwa katika New England Journal of Medicine Novemba 2018. Kabla yake, kwa miaka mingi, madaktari wengi wa nchi tajiri walikuwa wameacha kufungua tumbo na kuhamia matundu madogo, kwa mkono au kwa roboti, wanapotoa kizazi chenye saratani ya mlango katika hatua za mwanzo. Walitegemea tafiti za mafaili ya wagonjwa waliopita, zilizoonyesha kwamba damu hupotea kidogo, mgonjwa hurudi nyumbani mapema, na saratani hairudi zaidi. Jaribio lilipangwa kuthibitisha kwamba njia hiyo si duni. Wanawake 631 wa vituo 33 waligawanywa kwa bahati nasibu, 319 kwa matundu madogo na 312 kwa kufungua tumbo. Baada ya miaka minne na nusu waliokuwa hai bila saratani kurudi walikuwa asilimia 86.0 katika kundi la kwanza na asilimia 96.5 katika la pili. Uandikishaji ulikuwa umesimamishwa kabla ya kutimia idadi iliyokusudiwa.

Sasa fungua makala zinazolinukuu. Utakuta miongozo inayowaelekeza madaktari warudi kufungua tumbo. Utakuta wanaolipinga: wengine wanasema madaktari wa vituo fulani hawakuwa na mkono uliozoea, wengine wanakilaumu chombo cha kusukumia kizazi, wengine wanasema uvimbe mdogo kuliko sentimita mbili una kanuni zake. Utakuta pia wanaolitaja kwa nusu sentensi. Zote ni nukuu moja moja katika hesabu ya kompyuta. Na jambo la kutia fikira zaidi ni hili: tafiti za zamani ambazo jaribio hilo lilizipinga nazo ziliendelea kunukuliwa, safari hii kama mifano ya namna mafaili ya wagonjwa waliopita yanavyoweza kumpotosha daktari mwaminifu. Namba zao zinapanda.

Kwa vitendo, chagua makala kumi za daktari wako zilizonukuliwa zaidi, na kwa kila moja fungua makala ishirini zinazoinukuu. Usichukue ishirini za kwanza zinazoonyeshwa na Google Scholar, kwa sababu huanza na zilizo maarufu. Chukua chache za miaka ya mwanzo, chache za katikati na chache za mwaka jana. Tafuta sentensi yenyewe yenye nukuu, uiandike katika daftari, na mbele yake uandike neno moja: ametegemea, amepinga, ametaja. Andika pia kama anayenukuu ni yeye mwenyewe au mtu wa timu yake. Kujinukuu kwa kiasi ni halali kwa mtu anayeendeleza swali lilelile. Ikifika sehemu kubwa ya nukuu zote, sema hivyo kwenye ripoti. Baada ya nukuu mia mbili utakuwa unamfahamu daktari huyo kuliko wajumbe wote watakaosoma namba zake.

Fuata makala hadi wodini

Kazi ya Lynette Denny wa Chuo Kikuu cha Cape Town inafaa kwa kujifunzia hatua hii. Kipimo cha seli cha Papanicolaou, kilichoenea baada ya kitabu alichoandika na Traut mwaka 1943, kinahitaji maabara, mtaalamu wa kusoma seli, na mwanamke anayeweza kurudi kuchukua majibu. Khayelitsha, mtaa wa watu maskini nje ya Cape Town, haukuwa na raha hiyo. Denny na wenzake waliwaandikisha wanawake 6,555 wa umri wa miaka 35 hadi 65: waliokutwa na HPV, au waliobainika kwa siki, walitibiwa kwa kugandishwa mlango wa kizazi bila kusubiri safari nyingine nyingi za hospitali, na kundi la tatu likacheleweshewa tiba. Baada ya miezi sita mabadiliko makubwa ya awali ya saratani yalikutwa kwa asilimia 0.80 ya kundi la HPV, 2.23 ya kundi la siki, na 3.55 ya kundi lililosubiri. Makala hiyo ilitoka katika jarida la JAMA mwaka 2005. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupima na kutibu, na toleo la 2021 likakipa kipimo cha HPV nafasi ya kwanza. Muuguzi wa kituo cha afya cha Tanzania au Kenya anayepaka siki, akaona sehemu nyeupe, akamtibu mama siku hiyohiyo, anafanya kazi ambayo njia yake ilipita Khayelitsha, ingawa hatamnukuu mtu yeyote.

Hazina za marejeo haziioni njia hiyo vizuri. Miongozo ya wizara ya afya mara nyingi ni faili lililopachikwa kwenye tovuti, na nukuu zake hazihesabiwi na Scopus wala Web of Science. Itafute mwenyewe: fungua mwongozo wa taifa, fungua wa Shirika la Afya Duniani pamoja na viambatisho vya ushahidi, na utafute jina la daktari wako ndani yake. Kutajwa mara moja humo kuna uzito zaidi kwangu kuliko kutajwa mara hamsini katika makala za mapitio. Huo ni uamuzi wangu, na niko tayari kuutetea.

Jaribio la KEN SHE linaonyesha njia hiyo ikiwa fupi zaidi. Wasichana na wanawake vijana 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20 katika Thika, Nairobi na Kisumu waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa dozi moja ya chanjo ya HPV na wengine chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na baada ya miezi 18 chanjo ya HPV ilizuia kwa asilimia 97.5 maambukizi ya kudumu ya aina za HPV za 16 na 18. Wakati huohuo utafiti wa DoRIS uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 ulikuwa ukilinganisha kinga ya mwili kwa dozi moja, mbili na tatu. Aprili 2022 wataalamu wanaolishauri Shirika la Afya Duniani waliikubali dozi moja, na Desemba mwaka huo shirika lenyewe likaiandika katika msimamo wake. Tanzania, iliyoanza kutoa chanjo hiyo nchi nzima mwaka 2018 kwa dozi mbili, ilihamia dozi moja mwaka 2024.

Tazama jarida lililochapisha KEN SHE: NEJM Evidence, ambalo lilikuwa limeanza kutoka mwezi Januari mwaka huohuo wa 2022. Kipimo cha athari ya jarida huhesabiwa kwa nukuu za mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, kwa hiyo jarida hilo halikuwa nacho kabisa. Kamati inayotoa alama kwa kipimo cha jarida ingeupa sifuri utafiti uliobadilisha chanjo ya mabinti wa nchi nzima. Tamko la San Francisco la mwaka 2012 lilionya kuhusu jambo hilihili, likataka makala ihukumiwe yenyewe.

Makala zilizofutwa, pamoja na majarida ya kitapeli

Hapa sitakaa. Kila makala muhimu ifungue kwenye PubMed uone kama ina alama ya kufutwa au kusahihishwa. Masahihisho ya uaminifu hayamchafui mtu, kufutwa kwa sababu ya data kunahitaji maelezo. Kwa kila jaribio tafuta namba ya usajili, kwa mfano katika sajili ya majaribio ya Afrika iliyopo Cape Town, na uone kama matokeo makuu yaliyochapishwa ndiyo yaliyotangazwa kabla ya kuanza. Jarida linaloahidi kuhakiki kwa siku tatu na kudai malipo kwanza liweke pembeni, lakini zungumza na daktari kijana aliyelipa huko fedha zake kabla ya kumhukumu, kwani wengi walinaswa wakikimbizana na idadi waliyowekewa na waajiri wao.

Andika hukumu

Andika kurasa mbili, zisizidi. Anza na swali ambalo daktari huyu amelifuata katika maisha yake ya utafiti, kwa sentensi moja ambayo muuguzi angeielewa. Ukishindwa kuiandika, rudi kwenye makala, au ukubali kwamba swali hilo halipo. Kisha taja makala tatu hadi tano zilizobeba uzito, nafasi yake katika kila moja, na wanaozinukuu wamezifanyia nini. Kisha mwongozo au tiba iliyobadilika, kwa mwaka na mahali. Kisha vijana aliowasimamia na walipo sasa. Namba ziweke mwisho, kila moja na chanzo chake na tarehe uliyoisoma, kwa mfano: kipimo cha h kwa Scopus, tarehe fulani, makala za takwimu zikiwa zimeondolewa. Kabla ya kuipeleka kwenye kamati, mpe daktari mwenyewe orodha ya makala, bila hukumu yako, na wiki moja ya kuisahihisha. Karibu kila mara atakuongezea makala moja uliyoikosa, iliyochapishwa kwa jina la babu yake.